Kupima na kutibu maji ya kisima na jabia Lamu: mwongozo kamili

Kila kaskazi ikikolea, kosa ni lile lile. Kisima kimeshuka, maji yameingia chumvi, na mwenye nyumba anayachemsha. Yakipoa anayaonja: yamezidi chumvi. Anatia klorini, maji yananuka, na watoto bado wanaendesha. Mwisho anasema dawa ya siku hizi ni bandia.

Dawa si bandia, imepewa kazi isiyo yake. Maji ya kisima hubeba vitu vya aina tatu: vilivyoyeyuka (chumvi, chokaa, naitreti), vinavyoelea (udongo, majani, kutu) na vilivyo hai (vijidudu). Moto huua vilivyo hai, lakini vilivyoyeyuka hauviondoi. Klorini ni vivyo hivyo, na ikikuta vinavyoelea huishia hapo hapo kabla ya kumfikia kijidudu hata mmoja. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini hufuatwa kwa mpangilio wake. Ukianza na ya sita utarudi kwa ya kwanza.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuteremsha ndoo.

- Chupa mbili za nusu lita na nyingine tano za lita moja, za plastiki, zilizosuuzwa bila sabuni. Sabuni ikibaki huharibu kipimo cha ugumu.
- Kipima chumvi cha mkononi, kile cha betri chenye ncha mbili za chuma. Pia mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01, ambayo ndiyo itakayopima chumvi kifaa hicho kikikosekana. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai hapa.
- Bomba la sindano la ml 5 na jingine la ml 10, bila sindano.
- Vikaratasi vya kupima pH (kiwango cha asidi ya maji) na kifaa cha kupima klorini, kile kile kinachotumika kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli. Chagua kinachogeuza maji kuwa ya waridi. Chenye kugeuza maji manjano hupima klorini yote, hata ile iliyokwisha fungwa na uchafu, hivyo hukupa moyo bure.
- Sabuni ya mche, isiwe ya unga.
- Jiwe la shabu, lisilotiwa manukato.
- Dawa ya kung'arisha nguo isiyo na harufu ya maua wala rangi, yenye lebo inayotaja asilimia ya haipokloriti ya sodiamu na tarehe. Kwa jabia (tangi la kujengwa la kuwekea maji ya mvua) kubwa, klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70.
- Lita tano za maji safi ya mvua. Haya ndiyo kipimo chako cha kulinganishia.
- Glavu za mpira na miwani ya kukinga macho.

## Hatua ya 1: Chota ya juu na ya chini

Lita ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ina uzito wa kilo 1 hivi. Lita ya maji ya bahari ina kilo 1.025. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokiwekea kisiwa cha Lamu maji ya kunywa. Mvua inayozama kwenye michanga ya Shela hutuama juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya ardhi, kama samli juu ya mchuzi uliotulia. Hiyo ndiyo sababu kisima kimoja kinaweza kuwa na maji baridi juu na maji ya chumvi chini, na ndoo ikiyavuruga hujui ulichokipima.

Sampuli ya juu ni rahisi: zamisha chupa sentimita 10 chini ya uso. Kwa ile ya chini, funga jiwe kwenye chupa, ziba mdomo kwa kizibo kilichokatwa kutoka kwa kandambili chakavu, na ufunge kamba ya pili kwenye kizibo hicho. Teremsha hadi jiwe liguse chini, pandisha kiasi cha shibiri moja usizoe tope, kisha vuta kamba ya kizibo. Mapovu yatapanda. Yakikoma, vuta chupa.

Suuza kila chupa mara tatu kwa maji unayotaka kuyapima. Fanya kazi hii asubuhi kabla mtu hajateka.

Kisima kikiwa karibu na ufuo, pima mara mbili: siku ya bamvua (bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida) maji yakiwa yamejaa, na wakati wa maji mafu (inapojaa na kupwa kidogo tu). Zikitofautiana sana, bahari ina njia ya kuingilia, na utahitaji kuteka kwa saa maalumu.

Onyo: usiingie kisimani kwa sababu ya sampuli. Hewa ya chini huweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote. Na pampu ya petroli haiteremshwi kisimani kamwe. Moshi wake huua mtu kabla hajatambua kwamba anaumwa.

## Hatua ya 2: Pima chumvi

### Ukiwa na kipima chumvi

Kihakiki kwanza. Pima gramu 1.00 ya chumvi ya mezani iliyokaushwa, iyeyushe katika lita moja ya maji ya mvua, kisha chovya kifaa. Kwa nyuzi 25, upitishaji umeme unatakiwa usome karibu na 2,000 µS/cm. Ukisoma kwa miligramu kwa lita, vifaa vingine vitaonyesha 1,000 na vingine 1,400, kwa sababu watengenezaji huzidisha kwa 0.5 au kwa 0.7. Andika chako kinatumia ipi. Mabishano mengi ya "kisima changu ni kizuri kuliko chako" hutokana na tofauti hii tu.

Kifaa hiki hufanya kazi kwa sababu maji matupu hayapitishi umeme ila kidogo mno. Molekuli ya maji imepinda kwa nyuzi 104.5, upande wa oksijeni ukiwa na hali hasi na upande wa haidrojeni hali chanya. Huivaa chumvi na kuitenganisha sodiamu na kloridi, na vipande hivyo ndivyo vinavyobeba umeme. Maji yakipashwa moto umeme hupita upesi zaidi, karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi, kwa hiyo pima yakiwa yametulia kivulini.

### Bila kipima chumvi

Pima uzito wa bakuli dogo la stili au la kioo kinachostahimili moto. Litie ml 500 za maji yaliyochujwa kwa kitambaa, kidogo kidogo, juu ya moto mdogo usiofikia kutokota. Yakibaki ya kufunika tako la bakuli, ondoa motoni umalizie juani. Ukiendelea na moto chumvi itarukaruka na kipimo kitapungua. Pima bakuli likiwa kavu na lingali vuguvugu. Usilicheleweshe, kwani chumvi ya magnesiamu iliyomo hunyonya unyevu wa hewa ya pwani papo hapo na kuongeza uzito. Toa uzito wa bakuli, zidisha kwa 2: hizo ni gramu kwa lita.

### Maana ya namba

Hadi miligramu 600 kwa lita, maji ni mazuri kwa kunywa upande wa chumvi. Kati ya 600 na 1,000 yanavumilika. Kupita 1,000 ulimi huanza kukataa, na hapo ndipo pa kuanza kuchanganya na maji ya mvua. Kupita 2,000, yaache kwa kufulia na kuoshea.

Si suala la ladha pekee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku. Maji yenye gramu 2 kwa lita, chumvi yake ikiwa ni ya bahari, humpa mnywaji wa lita mbili na nusu karibu kiwango hicho chote kabla hajagusa chakula. Mwenye presha asiyazoee.

Neno moja kuhusu wauzaji wa maji wanaochovya kifaa hiki mbele ya mteja na kusema "tazama, 40, masafi kabisa." Jabia la mvua lenye popo aliyekufa ndani litasoma 40 vilevile. Kifaa kinahesabu chumvi, hakijui kijidudu.

## Hatua ya 3: Pima ugumu

Lamu na Malindi zote zina mawe ya matumbawe chini. Mvua hubeba kaboni dioksidi ya hewa na ya udongo, huwa na ukali kidogo, na ikipita kwenye jiwe huyeyusha chokaa. Huo ndio ugumu, na ndio unaoacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai.

Kuna gramu 5 za sabuni ya mche za kukunwa hapa: ziyeyushe katika ml 500 za maji ya mvua ya vuguvugu. Tia ml 100 za maji ya mvua kwenye chupa ya nusu lita, ongeza ml 1 ya maji ya sabuni, tikisa kwa sekunde 10. Endelea ml moja moja hadi povu lidumu dakika nzima. Andika kiasi. Rudia kwa maji ya kisima.

Mvua ikichukua ml 1 na kisima ml 3, ugumu ni mdogo. Kikichukua ml 8 au zaidi, maji ni magumu kweli, na utaona utando wa kijivu ukielea badala ya povu.

Sasa chemsha maji ya kisima dakika 10, yaache yapoe na kutuama, kisha rudia kwa yale ya juu. Kiasi cha sabuni kikishuka sana, ugumu wako ni wa kuondoka kwa moto: joto limeifukuza kaboni dioksidi na chokaa imeshuka chini. Kisiposhuka, ugumu unatokana na salfeti na kloridi, mara nyingi ile magnesiamu ya bahari, na moto hauusaidii.

Ugumu wenyewe hauna madhara kwa mnywaji. Unakugharimu sabuni, unaziba mabomba na kuua hita. Usitumie fedha kuuondoa kwenye maji ya kunywa kabla hujamaliza shida ya vijidudu.

## Hatua ya 4: Pima pH

Chovya kikaratasi, soma kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kisha kitupe. Maji ya kunywa hutakiwa yawe kati ya 6.5 na 8.5. Kisima cha matumbawe kwa kawaida huwa kati ya 7 na 8.

Jabia lililopakwa saruji au chokaa karibuni ni jambo jingine. pH yake inaweza kupita 10, na klorini ndani yake haitafanya kazi. Lijaze, liache siku tatu, mwaga, rudia hadi kikaratasi kishuke chini ya 8.5.

Andika namba ya pH. Utaihitaji hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Ondoa vinavyoelea

Jaza chupa ya lita moja, isimamishe juu ya gazeti, chungulia kutoka mdomoni. Herufi ndogo zikisomeka bila ukungu, ruka hadi hatua ya 6. Zikififia, endelea hapa.

Kwanza acha maji yatuame usiku kucha. Mchanga utashuka wenyewe. Udongo mfinyanzi hautashuka hata wiki ikipita, kwa sababu chembe zake zina umeme hasi na zinasukumana. Shabu huvunja msukumano huo: aluminiamu yake yenye hali chanya huzikusanya chembe zikawa mabonge mazito.

Watu hushindwa na shabu kwa sababu mbili. Ama wanazungusha jiwe kwenye ndoo kwa kukadiria, ama wanatumia shabu kwenye maji yasiyokuwa na chokaa.

Kipimo sahihi. Saga jiwe, pima gramu 10, yeyusha katika lita moja ya maji. Kila ml 1 ya maji haya ikitiwa kwenye lita moja ni miligramu 10. Panga chupa tano za lita moja za maji machafu, zitie ml 1, 2, 3, 4 na 5. Koroga kila moja kwa nguvu dakika moja, kisha polepole dakika 10. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: mkorogo wa nguvu ukizidi huvunja mabonge yaliyokwisha shikana. Acha dakika 45.

Tazama kwenye mwanga. Katika chupa iliyofaulu utaona vipande kama nyuzi za pamba vimelala chini na maji ya juu yanang'aa. Chagua ile yenye kiasi kidogo kabisa cha shabu iliyofikia hali hiyo. Kama ni ya ml 3, pipa la lita 200 litataka ml 600.

Mvua ya jabia ina chokaa kidogo, na shabu huila chokaa hiyo na kuyaacha maji makali. Ukiona pH imeshuka chini ya 6.5 na mabonge hayajitokezi, ongeza chokaa safi kidogo sana, ncha ya kijiko cha chai kwa pipa, upime tena.

Chota ya juu, pitisha kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Mashapo mwaga mbali na kisima.

## Hatua ya 6: Tia klorini kwa kipimo

Klorini ikiingia majini hugawanyika: sehemu moja huwa asidi ya haipoklorasi, muuaji hodari, na nyingine huwa haipokloriti, mvivu wake. Kwa pH 7.5 zinagawana nusu kwa nusu. Kwa pH 8.5, hodari amebaki sehemu moja kati ya kumi. Ndiyo sababu ya kuandika ile namba.

Tengeneza dawa nyepesi. Ikiwa lebo inasema asilimia 3.5, changanya ml 10 za dawa na ml 340 za maji ya mvua. Sasa kila ml ina miligramu 1 ya klorini. Itumie siku hiyo hiyo. Dawa yenyewe hufifia, na upesi zaidi ikikaa kwenye joto na jua. Chupa iliyopangwa dirishani mwa duka miezi sita siyo tena asilimia 3.5.

Tafuta kiu ya maji. Chupa tano za lita moja za maji yaliyokwisha kuwa maangavu: tia ml 1, 2, 3, 4 na 5. Funika, weka kivulini dakika 30; ikiwa pH iko juu ya 8, saa nzima. Kisha pima klorini iliyobaki. Unatafuta chupa yenye miligramu 0.5 hivi kwa lita. Kipimo chake ndicho chako.

Tuseme ni ml 2. Mtungi wa lita 20 utataka ml 40 za dawa nyepesi, au ml 1.1 za dawa ya chupani moja kwa moja. Hiyo ni kidogo sana kuliko vifuniko viwili vitatu ambavyo wengi humimina kwa jicho.

Jabia la mita 3 kwa 2 lenye maji ya kina cha mita 1.5 lina mita 9 za ujazo, yaani lita 9,000. Kwa miligramu 2 kwa lita unahitaji gramu 18 za klorini. Kwa unga wa asilimia 65, gramu 28. Tia unga kwenye ndoo ya maji, koroga, acha utuame, mimina maji ya juu jabiani ukizunguka kona zote, kisha koroga kwa mti safi. Jabia la mviringo: nusu ya upana, zidisha kwa nafsi yake, kwa 3.14, kwa kina.

Maonyo. Unga hutiwa ndani ya maji; maji hayamwagwi juu ya unga. Usiuweke karibu na mafuta wala sukari. Usichanganye dawa na siki, asidi ya kuoshea vigae wala dawa yenye amonia: gesi inayotoka huunguza mapafu. Na kama birika lenu la kuwekea maji lina wale samaki wadogo wanaofugwa kula viluwiluwi, watoe kwanza. Kiasi hiki kitawaua.

Dalili ya kufaulu: baada ya nusu saa kifaa kinasoma kati ya 0.2 na 0.5, na harufu ni ya mbali. Harufu kali inayochoma pua mara nyingi huwa ni klorini iliyoshikana na amonia, na amonia kwenye kisima cha mtaa uliobanana mara nyingi imetoka chooni. Ikiwa hata chupa ya ml 5 haikubakiza kitu, usiongeze dawa. Rudi hatua ya 5, kisha chunguza vyoo. Mita 30 kati ya shimo la choo na kisima ndicho kipimo kinachotumika sana, lakini jiwe la matumbawe lina nyufa, na uchafu hupita humo bila kuchujwa.

Penye shaka ya choo, peleka sampuli maabara ikapimwe vijidudu na naitreti. Chupa iwe ya maabara, ikae kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6. Naitreti ikipita miligramu 50 kwa lita, maji hayo yasichanganyiwe maziwa ya mtoto mchanga. Kuyachemsha kunaizidisha.

Ukipenda moto badala ya klorini, dakika moja ya kutokota inatosha. Lamu iko usawa wa bahari na maji huchemka kwa nyuzi 100 kamili. Dakika 20 ni makaa yaliyopotea.

## Hatua ya 7: Shughulikia chumvi

Mkaa hauitoi, kitambaa hakiitoi, klorini haiitoi, shabu haiitoi. Zimebaki njia nne.

### Punguza pupa ya pampu

Hii ndiyo ya kwanza na haina gharama. Kwa ile tofauti ya uzito, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba chini yake karibu mita 40 za maji baridi. Hesabu hiyo ina upande wa pili: ukishusha uso wa maji kwa sentimita 10, maji ya chumvi yanaweza kupanda hadi mita 4, na hupanda hasa chini ya pampu yako. Ndoo na kamba hazikuwa na ubavu wa kufanya hivyo. Pampu inao.

Kwa hiyo kuchimba zaidi kisima kilichoanza chumvi ni kuifuata chumvi nyumbani kwake. Fanya hivi:

1. Pandisha mdomo wa bomba la kuvutia uwe sentimita 30 hadi 50 chini ya uso wa maji, usilale chini.
2. Pima chumvi kabla ya kuwasha, halafu kila dakika 10 ukiwa unavuta.
3. Namba ikipanda kwa sehemu moja kati ya kumi, zima. Dakika ulizopata ndizo kikomo chako.
4. Subiri uso urudi alama ya mwanzo ndipo uwashe tena.

Kama sampuli ya chini ilikuwa na chumvi mara mbili ya ile ya juu, kujaza sakafu ya kisima kwa mchanga safi na kokoto, nusu mita hivi, husaidia kuziba njia. Kazi hii ni ya fundi wa visima mwenye wenzake juu.

### Changanya na mvua

Kisima kina 2,400, mvua ina 50. Mtungi mmoja wa kisima kwa miwili ya mvua hukupa karibu 830. Hesabu ni nyepesi: jumlisha namba za mitungi yote, gawa kwa idadi yake.

Paa la mabati la mita 40 za mraba kwa mvua ya milimita 10 hutoa lita 400, ukitoa upotevu zimebaki 320 hivi. Lita 40 za kwanza za kila mvua zimwage. Ndizo zenye vumbi na mavi ya kunguru. Mvua ya makuti ina rangi na hunywa klorini nyingi, iende kwenye kufulia.

### Mashine ya utando

Husukuma maji kwa nguvu kupitia utando unaozuia chumvi. Nyingi za majumbani zimeundwa kwa maji ya hadi 2,000 hivi. Soma karatasi yake kabla ya kulipa. Klorini huula utando, kwa hiyo chujio la mkaa hutangulia. Ugumu huuziba. Maji machungu yanayotolewa pembeni, ambayo kwenye mashine ndogo ni mengi kuliko yale masafi, yasirudishwe kisimani wala karibu yake.

### Kukusanya mvuke

Inawezekana, lakini fanya hesabu. Kuuchemsha mtungi wa lita 20 kwenye jiko la kawaida hula kilo moja ya makaa kasoro. Kuugeuza wote kuwa mvuke hula karibu kilo 7, kwa sababu kila kilo ya maji hudai kilojuli 2,257 ili iache umaji wake, mbali na zile za kuipasha. Sanduku la kioo la jua lenye mita moja ya mraba halitaki makaa, ila tarajia lita 2 hadi 4 kwa siku ya jua kali. Linamfaa mgonjwa mmoja, halilishi nyumba.

## Kisima kilichoingiwa na mafuriko au mnyama

Toa mzoga, vuta maji hadi yawe maangavu, acha yajae. Kisima chenye upana wa mita 1.2 na maji ya mita 1.5 kina lita 1,700. Kwa miligramu 50 kwa lita unahitaji gramu 85 za klorini: gramu 131 za unga wa asilimia 65, au lita 2.4 za dawa ya asilimia 3.5. Mimina ukiosha kuta, funika saa 12, mtu asiteke. Kisha vuta na umwage mbali na miti hadi kifaa kisome chini ya 0.5.

## Yanapokataa

Maji yamekuwa mekundu baada ya klorini. Kisima kina chuma. Klorini imekigeuza kutu. Acha yatuame, chuja, pima klorini upya kwa sababu sehemu yake imeliwa.

Klorini ilikuwepo asubuhi, jioni haipo. Chombo kiko wazi au kinapigwa jua. Hamishia kwenye mtungi wenye mfuniko na bomba, usichote kwa kata.

Povu halitoki hata kwa maji yaliyopoteza ugumu. Chumvi nyingi huikatisha sabuni yenyewe. Rudi hatua ya 7.

Maji yananuka mayai viza. Ni gesi ya salfa inayotoka kwenye majani yanayooza chini pasipo hewa. Yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara kumi mahali penye upepo, gesi huruka. Ikirudi kesho yake, kisima kinataka kuzolewa tope kabla ya mvua za mwaka.